Ukitajiwa wastani, uliza ni wastani wa nini

KATIKA taarifa za soko namba inayotajwa kuliko zote ni wastani. Utasoma wastani wa bei ya gunia la mahindi, wastani wa mauzo ya hisa kwa siku, wastani wa bei ya chai mnadani na wastani wa riba za mabenki. Ni namba fupi na rahisi kukumbukwa, na mfanyabiashara aliye mbioni huichukua na kuondoka nayo kana kwamba amepewa bei yenyewe.

Maoni ya safu hii ni kwamba wastani unaotolewa peke yake humtia hasara mwenye mtaji mdogo mapema kuliko mwenye mtaji mkubwa. Kampuni kubwa ina watu wake wa kuchambua hesabu, na wiki moja mbaya haiiangushi. Mchuuzi aliyekopa ili alete mzigo mmoja kutoka Iringa, au mwalimu aliyenunua hisa kwa akiba ya miaka mitatu, hana wiki ya pili ya kusahihisha. Kwa sababu hiyo, madalali wa hisa, bodi za mazao, vyama vya wafanyabiashara na magazeti yenyewe wanapaswa kuufuatanisha wastani na namba nyingine chache ambazo tayari wanazo katika madaftari yao. Aidha, msomaji naye anapaswa kuzijua na kuzidai.

Kipimo kwanza

Kabla ya kujumlisha chochote ni lazima vitu vinavyojumlishwa viwe vya kipimo kimoja. Hili linaonekana dogo, lakini ndipo taarifa nyingi za masoko ya mazao zinapoharibikia. Wakala wa Vipimo umepiga vita lumbesa kwa miaka mingi, na bado lumbesa ipo.

Tuchukue mfano. Sokoni kuna gunia la viazi la kilo 100 linalouzwa Sh. 80,000 na lumbesa ya kilo 130 inayouzwa Sh. 91,000. Mkusanya bei akiandika "gunia" kwa yote mawili, wastani wake ni Sh. 85,500. Mtu aliyezoea gunia la Sh. 80,000 atasema viazi vimepanda. Lakini ukigawa kwa kilo, gunia la kwanza ni Sh. 800 kwa kilo na lumbesa ni Sh. 700. Kwa mzigo wote, yaani Sh. 171,000 kwa kilo 230, bei ni kama Sh. 743 kwa kilo. Viazi vimeshuka. Aliyefuata bei ya gunia amekwenda kununua kwa pupa wakati ambapo angeweza kusubiri.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: kipimo ni kipi? Bei isiyotaja kilo, lita au idadi ni porojo za sokoni zilizoandikwa kwa tarakimu.

Wastani na namba ya katikati

Wastani wa kawaida hupatikana kwa kujumlisha namba zote na kugawa kwa idadi yake. Tatizo lake ni kwamba namba moja kubwa mno huweza kuwavuta wenzake wote. Katika Soko la Hisa la Dar es Salaam jambo hili hutokea kila unapofanyika uuzaji wa mkupuo, ambapo mwekezaji mmoja mkubwa humuuzia mwenzake fungu zima la hisa kwa makubaliano.

Chukua wiki ya mfano ya siku tano za mauzo: Sh. milioni 300, milioni 400, milioni 350, milioni 250, na siku ya mwisho milioni 8,700 kwa sababu ya mkupuo mmoja. Jumla ni Sh. bilioni 10, na wastani kwa siku ni Sh. bilioni 2. Taarifa itasema soko limechangamka. Sasa zipange namba hizo kuanzia ndogo hadi kubwa, kisha uangalie iliyo katikati: ni milioni 350. Hiyo ndiyo mediani, yaani namba ya katikati, ambayo nusu ya siku ziko chini yake na nusu ziko juu yake.

Ipi ya kweli? Zote mbili ni za kweli, lakini zinajibu maswali tofauti. Anayetaka kujua ni fedha kiasi gani zilizopita sokoni wiki nzima atatumia jumla na wastani. Anayetaka kuuza hisa zake kesho asubuhi ili alipe karo atatumia mediani, kwa sababu ndiyo inayomweleza siku ya kawaida ikoje. Mtu mwenye hisa za Sh. milioni 100 akiambiwa soko ni la bilioni 2 kwa siku ataona fungu lake ni tone tu la maji, nusu ya kumi ya mauzo. Katika siku ya kawaida ya milioni 350 fungu hilo ni zaidi ya robo ya soko lote. Akilimwaga kwa mara moja atajishushia bei mwenyewe.

Ipo namba ya tatu ya jamii hii, nayo ni modi, yaani ile inayojirudia mara nyingi kuliko nyingine. Muuza viatu vya mitumba anaijua hata kama hajui jina lake. Wastani wa miguu ya wateja wake unaweza kuwa saizi 40.6, na hakuna kiatu cha saizi hiyo duniani. Anachohitaji ni kujua saizi ipi huulizwa zaidi, aijaze mezani.

Mtawanyiko ndio hatari yenyewe

Masoko mawili yanaweza kuwa na wastani mmoja na yasifanane hata kidogo. Tuseme katika soko la kwanza gunia la vitunguu kwa wiki tano liliuzwa Sh. 98,000, 100,000, 101,000, 99,000 na 102,000. Katika soko la pili liliuzwa Sh. 60,000, 140,000, 80,000, 130,000 na 90,000. Yote mawili yana wastani wa Sh. 100,000. Hata hivyo mfanyabiashara mwenye akili hatasema masoko haya ni sawa.

Njia nyepesi ya kuona tofauti ni kutoa bei ya chini kabisa katika bei ya juu kabisa. Soko la kwanza lina tofauti ya Sh. 4,000 na la pili Sh. 80,000. Njia hii ina kasoro, kwa kuwa hutazama namba mbili tu za pembeni. Njia inayotazama zote huitwa mkengeuko sanifu. Unachukua kila bei, unaona imepishana na wastani kwa kiasi gani, unazidisha tofauti hiyo kwa yenyewe ili alama ya kutoa iondoke, unatafuta wastani wa majibu hayo, kisha unatoa kipeo cha pili. Kwa soko la kwanza jibu ni kama Sh. 1,400. Kwa soko la pili ni kama Sh. 30,300. Wanaohesabu bei hizo kama sampuli ya wiki nyingine nyingi hugawa kwa nne badala ya tano, na majibu hupanda kidogo hadi kama Sh. 1,600 na Sh. 33,900, lakini hukumu ni ile ile.

Kwa lugha ya biashara, namba hii ndiyo hatari. Aliyekopa mtaji kwa riba na anapaswa kupata walau Sh. 85,000 kwa gunia ili asizame, katika soko la kwanza analala usingizi. Katika soko la pili, wiki mbili kati ya hizo tano zingemzamisha, na benki haimsubiri hadi wastani utimie. Anayemiliki maghala na fedha za akiba anaweza hata kulipenda soko la pili, kwa sababu hununua kwa 60,000 na kuuza kwa 140,000. Wastani ni mmoja, lakini mmoja hutajirika pale pale mwenzake anapofilisika, na taarifa iliyotaja wastani tu haikumwonya yeyote.

Nani hakuhesabiwa?

Sensa huhesabu wote. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 katika Tanzania, kutoka 44,928,923 wa mwaka 2012. Lakini sensa ni ghali, ndiyo maana hufanyika mara moja kwa miaka 10. Namba nyingine nyingi tunazosoma zinatokana na sampuli, yaani sehemu ndogo iliyochukuliwa ili iwakilishe wote. Mpishi huonja kijiko kimoja cha mchuzi, wala hanywi sufuria zima. Kijiko kinatosha, ila mchuzi uwe umekorogwa kwanza.

Ukubwa wa sampuli una kanuni yake. Ukitaka kupunguza kosa la bahati kwa nusu, huna budi kuongeza sampuli mara nne, kwa mfano kutoka watu 100 hadi 400. Lakini sampuli kubwa iliyochukuliwa upande mmoja wa sufuria bado ni mbaya. Kosa la namna hii haliponi kwa kuongeza idadi.

Mnada wa chai wa Mombasa ulitoa funzo la wazi. Mwezi Julai 2021 chai ya viwanda vya wakulima wadogo wa Kenya vilivyo chini ya KTDA iliwekewa bei ya chini ya dola 2.43 za Marekani kwa kilo, na mnunuzi asiyefika hapo haruhusiwi kuichukua. Nia ilikuwa kumlinda mkulima. Wastani wa bei mnadani huhesabiwa kwa chai iliyouzwa. Chai iliyokosa mnunuzi haimo ndani ya hesabu hiyo. Kwa hiyo bei ya wastani ya chai hiyo haikuweza kuonyesha udhaifu wote wa soko, wakati maghala yakijaa chai isiyouzika. Mwaka 2024 utaratibu huo uliondolewa. Mtu aliyekuwa akifuatilia namba mbili kwa pamoja, yaani wastani wa bei na kiasi kilichorudi bila kuuzwa, aliona mapema kwamba mambo si shwari. Aliyefuatilia wastani tu alifurahia bei ambayo sehemu kubwa ya chai haikuipata.

Kosa hilo hilo ndilo linalotumiwa na wenye mipango ya upatu wa kitapeli. Wengi wanakumbuka DECI, ambayo serikali iliisimamisha mwaka 2009, na lugha yake ya kupanda na kuvuna mbegu. Watu walishawishiwa na ushuhuda wa waliovuna. Ushuhuda huo ulikuwa wa kweli, lakini ulikuwa sampuli ya waliotangulia kulipwa. Waliopanda mwishoni hawakuwa na la kushuhudia hadi milango ilipofungwa. Popote unapoonyeshwa washindi, tafuta kujua walioshindwa wako wapi na ni wangapi.

Asilimia na pointi za asilimia

Hapa ndipo hata watu waliosoma hujikwaa. Benki Kuu ya Tanzania ilipoanza kutumia riba yake kuu mwezi Januari 2024 iliiweka kwenye asilimia 5.5, na mwezi Aprili mwaka huo ikaipandisha hadi asilimia 6. Riba ilipanda kwa nusu pointi ya asilimia. Ukisema ilipanda "kwa asilimia 0.5" umekosea, maana 0.5 juu ya 5.5 ni ongezeko la asilimia kama 9. Tofauti hii si ya walimu wa hesabu pekee. Mkopo wako ukitoka riba ya asilimia 15 kwenda 18, afisa wa benki atasema umepanda "tatu tu". Kwa upande wako gharama ya riba imeongezeka kwa asilimia 20, na hiyo ndiyo itakayotoka mfukoni.

Jambo la pili ni mfumuko wa bei. Mfumuko ukishuka, bei hazishuki. Zinaendelea kupanda, ila kwa mwendo mdogo. Desemba 2011 mfumuko wa bei Tanzania ulifika asilimia 19.8. Desemba 2012 ulikuwa asilimia 12.1, na wapo waliodhani maisha yamekuwa nafuu. Hesabu inasema vingine. Kapu lililonunuliwa kwa Sh. 1,000 Desemba 2010 liligharimu kama Sh. 1,198 mwaka mmoja baadaye, na kama Sh. 1,343 mwaka uliofuata. Mwenye duka aliyeshusha bei ya kuuzia kwa kuamini habari za redioni alikula mtaji wake.

Tena mfumuko ni wastani wenye mizani. Kila kundi la bidhaa hupewa uzito kwa kadiri kaya zinavyolitumia. Katika kapu la Ofisi ya Taifa ya Takwimu lenye mwaka wa msingi 2020, chakula na vinywaji visivyo na kilevi vina uzito wa asilimia 28.2. Katika kapu la kabla ya hapo uzito huo ulikuwa 38.5. Tuseme chakula kimepanda kwa asilimia 10 na vingine vyote vimetulia. Kwa kapu la sasa hilo litaongeza pointi 2.8 katika mfumuko wa taifa. Lakini kwa familia inayotumia asilimia 60 ya kipato chake kwenye chakula, gharama imepanda kwa asilimia 6. Ofisi ya Takwimu haijadanganya, wala familia haijadanganya. Kila mmoja ana kapu lake. Mama lishe na mwenye duka la vyakula wanapaswa kutazama mstari wa chakula katika jedwali, si jumla iliyo juu yake.

Fahirisi na mwaka wa msingi

Fahirisi ni namna ya kuonyesha mwenendo wa vitu vingi kwa namba moja, ikilinganishwa na wakati fulani uliochaguliwa kuwa mwanzo. Mambo mawili huiamua: mwanzo huo ni lini, na nani amepewa uzito gani.

Soko la Nairobi linafundisha vizuri. Fahirisi yake ya kampuni 20 ilianzia pointi 100 mwaka 1966. Tarehe 18 Februari, 1994 ilifika pointi 5,030. Ukitazama tangu 1966, imepanda zaidi ya mara 50, na dalali angeweza kulisema hilo bila kudanganya. Lakini aliyeingia siku ile ya Februari alishuhudia fahirisi ikiporomoka, na mwishoni mwa mwaka 2002 ilikuwa chini ya pointi 1,500. Haikurudi juu ya kilele kile hadi mwaka 2006, miaka 12 baadaye. Ukitaka chati ipendeze, chagua mwanzo ulio bondeni. Ukitaka itishe, chagua mwanzo ulio kileleni. Msomaji mwenye hadhari hutazama kwanza tarehe ya mwanzo kabla ya kutazama mstari unaelekea wapi.

Kuhusu uzito, fahirisi hiyo ya kampuni 20 haipimi kampuni kwa ukubwa wake sokoni. Fahirisi ya kampuni zote iliyoanza mwaka 2008 hupima kwa ukubwa, ndiyo maana Safaricom ikipiga chafya fahirisi yote hushikwa na mafua. Hapa Dar es Salaam tuna fahirisi ya kampuni zote, inayojumuisha zile za Kenya zilizoorodheshwa huku pia, na tunayo ya kampuni za ndani peke yake. Bei za kampuni za Kenya huamuliwa zaidi Nairobi. Basi mwenye hisa za CRDB au NMB anaweza kusoma kwamba "soko limeshuka" siku ambayo hisa zake zimepanda, kwa sababu tu Nairobi ilikuwa na siku mbaya. Anayeuza kwa hofu ya kichwa hicho cha habari anauza kwa sababu isiyomhusu.

Wastani wa asilimia ni mtego

Hisa ikishuka kwa asilimia 50 mwaka huu na kupanda kwa asilimia 50 mwaka ujao, wastani wa kawaida ni sifuri. Mtu atasema umerudi ulipokuwa. Hesabu fedha zako: Sh. 100,000 zikawa 50,000, na nusu ya 50,000 ikiongezwa unapata 75,000. Umepoteza robo ya mtaji. Ili kurudi ulipokuwa baada ya kushuka kwa nusu, hisa inapaswa kupanda kwa asilimia 100. Mambo yanayozidishana mwaka kwa mwaka hayajumlishwi. Huzidishwa, kisha hutafutwa kipeo chake, na huo ndio wastani wa kijiometri. Kwa mfano wetu ni hasara ya kama asilimia 13.4 kwa kila mwaka.

Mtu asidhani haya ni ya hisa tu. Kenya ilikuwa ikichanganya mabadiliko ya bei za maduka mbalimbali kwa wastani wa kawaida. Chukua maduka mawili. La kwanza lilipandisha sabuni kutoka Sh. 100 hadi 200, la pili likaishusha kutoka 200 hadi 100. Uwiano wa kwanza ni 2, wa pili ni 0.5, na wastani wake ni 1.25, yaani eti bei imepanda kwa asilimia 25, wakati bei zile zile mbili zimebadilishana maduka tu. Wastani wa kijiometri hutoa 1, yaani hakuna mabadiliko. Mwaka 2009 Kenya ilihamia njia hiyo ya pili, na mfumuko uliotangazwa ukashuka sana bila kibanda kimoja kushusha bei. Mfanyakazi aliyedai nyongeza ya mshahara na mwekezaji aliyenunua dhamana za serikali wote walikuwa wanategemea namba hiyo. Njia ya kuhesabu si siri ya ofisini. Ni fedha za watu.

Msimu na uhusiano

Kulinganisha mwezi huu na mwezi kama huu wa mwaka jana huondoa msimu, isipokuwa ule usiofuata kalenda hiyo. Ramadhani hurudi nyuma kwa siku kama 11 kila mwaka. Machi 2023 ilikuwa na siku zake chache za mwisho tu, Machi 2024 ilikuwa na siku kama 20, na Machi 2025 karibu mwezi mzima. Muuza sukari, tende au mihogo wa Pwani akilinganisha Machi na Machi ataona biashara inakua kwa kasi, kumbe ni mfungo tu umesogea. Akiongeza mtaji kwa hesabu hiyo, mzigo utamdodea mwezi unaofuata.

Vile vile, mambo mawili kwenda pamoja si ushahidi kwamba moja limeleta jingine. Wakati wa masika miavuli huuzika na mboga hupanda bei. Miavuli haipandishi mchicha. Mvua ndiyo inayoleta yote mawili. Kabla ya kuamini kwamba dola ikipanda hisa fulani lazima ipande, uliza kama kuna mvua inayonyesha juu ya zote mbili.

Kinachotakiwa

Wapo watakaosema msomaji atachoshwa na tarakimu, na ukurasa ni mdogo. Jibu ni kwamba mstari mmoja unatosha: bei ya chini, ya katikati na ya juu, kiasi kilichouzwa na kilichobaki, idadi ya wauzaji walioulizwa, na tarehe ya msingi. Wapo pia watakaosema takwimu zote ni uongo. Hao nao wanakosea, tena kwa hatari zaidi, kwa sababu anayezikataa takwimu hubaki na uvumi, na uvumi hauna hata mtu wa kuuliza uliupata wapi.

Madalali wa hisa wanapotoa taarifa ya wiki watenge mauzo ya mkupuo na mauzo ya kawaida. Bodi na minada ya mazao zitaje kilichokosa mnunuzi katika mstari ule ule wa bei. Wanaouza mipango ya uwekezaji waonyeshe matokeo ya wateja wote, wakiwemo waliojitoa. Na mwekezaji mdogo, kabla ya kutoa shilingi, aulize maswali matano: Kipimo ni kipi? Katikati ni ngapi? Bei hutawanyika kiasi gani? Mwanzo wa hesabu ni lini? Nani hakuhesabiwa? Anayeuza mali akishindwa kuyajibu, fedha zibaki mfukoni hadi ayajibu.